Kiungo Aliyesomewa Hitma

Mpira nilijifunzia Kismayo, ufukweni upande wa bandari ya zamani, saa ambazo maji yamekupwa na mchanga umebaki mgumu kama sakafu. Baba alikuwa fundi wa mashua, mtu wa kisiwa cha Kudhaa kama babu zake wote, lakini kazi ilikuwa mjini, basi na sisi tukawa watu wa mjini. Aliyenifundisha ni kaka yangu mkubwa. Wala hakuanza kwa mapenzi. Siku hiyo upande wake ulikuwa umepungukiwa mchezaji, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikimlindia viatu.

"Njoo usimame katikati," aliniambia. "Usifanye kitu. Simama tu, wapate wa kumzunguka."

Sikusimama tu. Haukupita muda akawa ananichagua kabla ya wavulana wa rika lake, nao wakawa wananuna. Sikuwa na mbio, wala sikuwa na shuti. Nilichokuwa nacho ni kwamba nilijua kila mmoja yuko wapi. Kaka ndiye aliyenitia hilo kichwani. Kila mpira ukinijia kabla sijageuza shingo kutazama nyuma, alinichapa mguuni kwa kamba ya nyavu, si kwa kuumiza, lakini nilisikia.

"Mpira uache," alisema. "Muangalie mchu."

Sisi Wabajuni mtu tunamwita mchu. Nyuma yangu akija wa kuninyang'anya, kaka alipiga kelele "Mchu! Mchu!" nami nilitoa pasi hata kabla sijamwona.

Kisha mji ukashikwa na wapiganaji wa dini, wale waliokataza mpira. Waliwakataza wanaume. Mimi hawakuwa na haja ya kunikataza; haikuwajia akilini hata kidogo kwamba yuko msichana anayecheza. Walikuja ufukweni wakauchana mpira wetu kwa kisu, wakawaambia wavulana waende msikitini, na kaka akaenda. Baba akaona mji umeharibika tena, akairudisha nyumba yote Kudhaa. Nyumba yote isipokuwa mimi. Mimi walinipeleka Mombasa kwa shangazi, dada yake baba, ambaye alikimbia katika vita vya kwanza na hakujaliwa mtoto. Niliambiwa nakwenda kumsaidia mpaka hali itulie. Nilibeba nguo chache, nikidhani narudi karibuni.

Shangazi alikuwa akishona mabuibui nyumbani kwake Kisauni. Mwanamke mkali wa mdomo, laini wa moyo. Shuleni kulikuwa na mwalimu wa michezo aliyekuwa akiunda timu ya wasichana, akaniona nikicheza uani na watoto wa darasa la chini, akaniuliza nacheza namba gani. Sikujua kuna namba. "Nasimama katikati," nilimjibu. Wasichana walicheka nilipopiga kelele "Mchu!" uwanjani. Waliniiga msimu mzima, wakanipa jina hilo hilo, halafu wakaona lina faida, maana timu pinzani haikuelewa tunasema nini.

Nilicheza vizuri. Nalisema bila haya, kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kulisema. Kutoka shule niliingia klabu, na kutoka klabu niliitwa kwenye kambi ya vijana wa Kenya. Shangazi alinishonea suruali ndefu ya mazoezi kwa kitambaa cha buibui. Siku ya pili ya kambi bwana mmoja aliniita ofisini.

"Wewe kabila gani?"

"Mbajuni."

"Mbajuni wa upande gani wa mpaka?"

Nilipomwambia nimezaliwa Kismayo alifunga faili taratibu, kwa upole, kama daktari anayemfunika mgonjwa shuka. Jioni ile nilikuwa kwenye basi la kurudi pwani. Msichana aliyechukua nafasi yangu nilikuwa namfahamu. Hakuwa anageuza shingo.

Miaka ikapita nikiwa kwenye klabu, nikiwaona wenzangu wakiondoka kwenda timu za maana, mimi nikibaki pale pale katikati ya uwanja wenye mashimo. Ndipo siku moja nikapigiwa simu na mtu anayezungumza Kisomali. Alisema timu ya taifa ya wanawake ya Somalia inakusanywa, wamesikia yuko mzaliwa wa Kismayo anayecheza Mombasa, je, nitakuja? Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba nikilia, shangazi akatoka na mkasi mkononi akidhani kuna msiba.

Mtu wa kwanza niliyetaka ajue ni kaka. Baba alikuwa ameshafariki, kaka ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba kule Kudhaa, akitengeneza mashua kama baba, akizamia kambakoche misimu ya bahari tulivu. Nilimpigia. Nilimweleza yote kwa pumzi moja.

"Utavaa nini?" aliuliza.

"Suruali ndefu, mikono mirefu, na hijabu."

"Watakuwepo wanaume?"

"Kaka, ni mpira. Watu watakuja kutazama."

 "Cheza," akasema. "Lakini usipigwe picha."

Nilicheka. Nilidhani anatania. Mchezaji wa timu ya taifa asipigwe picha, ni kama mvuvi aambiwe asilowe.

Tulipiga kambi nchi ya jirani, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na mahali salama. Wengi wa wenzangu walikuwa wamekulia Ulaya. Nahodha wetu alikuwa beki aliyekulia Uswidi, msichana mrefu na mkarimu, aliyenipa njumu zake za akiba alipoona zangu zimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Usiku wa kwanza mezani aliniuliza mimi ni wa ukoo gani.

"Mbajuni."

"Wale wavuvi wa visiwani?"

"Wale wavuvi."

"Sikujua wapo bado," alisema. Hakuwa na ubaya. Hakujua kweli.

Kisomali changu kilikuwa kizuri, nimekulia nacho, lakini kilikuwa na sauti ya kwetu, na wengine walipenda kunirudishia maneno yangu wakicheka. Bwana mmoja wa msafara aliwaambia wageni mbele yangu, "Huyu ni Mkenya, lakini anajitahidi Kisomali." Nikamwambia nimezaliwa Kismayo. "Kila mtu anasema hivyo," alijibu, akaendelea na chai yake. Nchi moja ilikuwa imenirudisha kwa sababu ni Msomali, na nyingine ilikuwa inanivumilia kwa sababu si Msomali. Niliamua kwamba uwanjani hakuna atakayeniuliza.

Mechi yangu ya kwanza ya kimataifa tulifungwa mabao mengi. Sitayahesabu hapa. Wapinzani wetu walikuwa wamecheza pamoja tangu utotoni, sisi tulikuwa tumejuana juzi. Lakini tulipata bao moja, na lile bao lilianzia kwangu. Golikipa alimtupia beki, beki akanipa mimi, nilikuwa nimeshatazama nyuma, nikajua kuna mtu begani kwa kulia, nikazungukia kushoto. Winga wetu alikuwa ameanza kukimbia. Nilipitisha mpira katikati ya mabeki wawili, chini kwa chini, akaukuta mbele yake akapiga. Tulishangilia kama tumechukua kombe. Uwanja mzima ulitushangaa: watu wamefungwa vile, wanakumbatiana na kupiga mayowe. Hijabu yangu ilikuwa imerudi nyuma kidogo, mdomo wazi, meno yote nje, mikono shingoni mwa winga. Hapo ndipo nilipopigwa picha.

Ilienea kwenye simu kuliko matokeo ya mechi. Chini yake watu waliandika walivyotaka. Kuna walioandika huyu si Msomali, tazameni nywele zake. Kuna walioandika huyu ni wa motoni. Kuna mmoja aliyeandika kwamba ni binti wa fundi mashua wa Kudhaa, akataja na jina la marehemu baba. Hiyo ndiyo iliyonitia baridi. Nilimpigia kaka, hakupokea. Nilipiga kesho yake na siku zilizofuata. Simu iliita mpaka ikachoka.

Niliporudi Mombasa nilikuwa nimekaa na shangazi mchana mmoja tunakula wali kwa mchuzi wa papa, simu yake ikalia. Alikuwa jamaa yetu mmoja, mwanamke wa Kudhaa aliyehamia Lamu. Shangazi aliweka sauti ya nje ili aendelee kula.

"Poleni na msiba," yule mama alisema.

"Msiba gani?" aliuliza shangazi.

"Wa mtoto. Nimesikia kaka yake amemsomea hitma jana baada ya laasiri. Mungu amlaze pema."

"Mtoto gani?"

Yule mama akataja jina langu.

Shangazi alinigeukia polepole. Mimi nilikuwa na tonge mkononi. Sijui ni kwa nini, lakini nililila lile tonge. Nililitafuna na kulimeza nikiwa naangaliwa, kama mtu anayetaka kuthibitisha jambo. Yule mama aliendelea kusimulia kwamba msikiti ulijaa, kwamba watu waligawana juzuu, kwamba mama yangu alipika pilau kwa mikono yake na alilia mpaka akashikwa. Watu walikuwa wameambiwa nimekufa kwa ajali ya gari huko ugenini, siku chache baada ya mechi, nikazikwa huko huko.

Shangazi hakumwambia niko hai. Alisema ahsante, akakata simu, akaosha mikono. "Kaka yako amekuzika," akasema. "Basi na sisi tumzike." Hakulitaja jina la kaka tena mpaka yeye mwenyewe alipofariki.

Mama alinipigia mara moja, kwa simu ya mtu mwingine, akinong'ona.

"Mwanangu, u mzima?"

"Ni mzima, mama. Mmenisomea hitma?"

"Kaka yako amesema ndiyo njia."

"Njia ya kwenda wapi?"

Alilia. "Usipige simu huku, mwanangu. Nakuombea. Usipige." Ikakatika.

Niliendelea kucheza. Watu wamewahi kuniuliza kwa nini sikuacha, na jibu langu si zuri. Nilikuwa na hasira, na uwanja wa mpira ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mwanamke anaruhusiwa kuwa na hasira na watu wakampigia makofi. Nilikuwa kiungo laini, nikawa kiungo mkali. Nilipata kadi nyingi za njano. Kocha alipenda. Nahodha alinivuta kando siku moja akaniuliza, "Wewe unapigana na nani?" Nilikwenda kuchukua mpira. Nilikuwa nimeshakufa, nikamwona anauliza maswali ya watu walio hai.

Mama alifariki kwa homa, na habari nilizipata siku ile ile. Nilipanda basi mpaka Mokowe, nikavuka Lamu, nikafikia kwa yule jamaa yetu aliyetupigia simu. Aliponifungulia mlango alipiga kelele akaurudisha. Ilibidi nimsemeshe kupitia dirishani, nimtajie majina ya watoto wake, ndipo akafungua, akanishika mashavu, akalia. Tukatafuta mtu wa kupeleka ujumbe Kudhaa kwa simu. Nilitaka mashua moja tu ya kunivusha. Jibu la kaka lilirudi usiku ule ule, limepitia midomo ya watu wawili: asije, huku yeye hayuko tena.

Nilikaa Lamu mpaka niliposikia mama ameshazikwa. Nilimsomea Yasini peke yangu kwenye chumba cha watu, kisha nikarudi Mombasa, na mwisho wa wiki ile klabu ilikuwa na mechi. Nilicheza.

Goti liliniishia mazoezini, kambi ya pili ya timu ya taifa, bila hata kuguswa na mtu. Niligeuka, mguu ukabaki. Nilisikia kano ikikatika kama kamba ya nanga. Walinibeba, wakanifunga, wakaniahidi matibabu, na baadaye wakaacha kupokea simu zangu, mmoja mmoja, mpaka akabaki nahodha peke yake, naye alikuwa amerudi Uswidi na hana la kufanya ila kuniuliza hali. Daktari wa Mombasa alinifanyia upasuaji kwa msaada wa klabu. Nilirudi uwanjani, lakini kugeukia kushoto kulikuwa kumekwisha. Timu ya taifa ilipoitwa tena, jina langu halikuwemo. Nilimpigia bwana yule wa msafara. Aliniambia safari hii wanataka wasichana wa nyumbani.

"Mimi ni wa wapi?" nilimuuliza.

"Nenda kapumzike," alisema.

Kaka alikuja mwaka juzi. Nilikuwa nimetoka kufundisha wasichana wadogo wa klabu, nimevaa jezi, nikamkuta amekaa kwenye ngazi za nyumba ya marehemu shangazi, na mkoba wa plastiki miguuni. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe. Hakusimama.

"Nimekuja kwa ajili ya jicho," alisema. "Sina mtu mwingine Mombasa."

Nilitaka kumfungia mlango. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa miaka, mazuri, yenye makali. Badala yake nilimkaribisha, nikamuwekea chakula, kwa sababu ni kaka yangu mkubwa na mkono unafanya ulivyozoea. Nilingoja amalize kula.

"Kwa nini ulinizika?"

Alifuta mikono yake taratibu. "Tulivuka bara kukata boriti za mashua," alisema. "Wakatutokea watu wa msituni, wale wale waliokataza mpira. Wana simu. Wakanionesha picha, wakasema huyu ni wa Kudhaa, tumeambiwa, ni nani wenu?"

"Ukasema nini?"

"Nikasema ni dada yangu."

"Kwa nini ulisema?"

"Sikufikiri. Nilikuona unacheka. Ulimi ukaniponyoka." Aliinamisha kichwa. "Walikuwa wamewapigisha magoti wenzangu wote. Nikasema, lakini amekufa. Amekufa ajali, wiki hii hii. Wakasema vizuri, basi tutasikia hitma yake. Wana watu wao kisiwani, hujui ni nani. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Kwa simu ipi? Na wewe ungenyamaza? Ungeandika mahali, ungepiga picha nyingine."

"Mama alijua?"

"Mama alijua. Ndiyo maana alilia vile. Hakuwa akiigiza, aliniambia anaona kama anakuua kwa mikono yake."

"Na alipokufa yeye?"

"Ulikuwa maiti," alisema. "Ungekuja vipi kuzika?"

Nilinyanyuka nikaenda uani. Nilitaka sana awe mtu mbaya. Kwa miaka yote ile nilimshika hivyo, na ilikuwa nafuu. Sasa alikuwa mtu aliyeogopa, huku wenzake wamepiga magoti mchangani, na bado mimi sikumzika mama yangu. Mambo hayo mawili hayakuwa yakipunguzana. Niliporudi ndani nilimwambia, "Ungeweza kutuma hata mchu mmoja aniambie."

"Nani?" aliuliza. Hakuwa akibishana. Alitaka nimtajie. Nikaanza kukusanya vyombo vyake.

Nilimpeleka hospitali. Muuguzi alimuuliza mimi ni nani wake, akajibu haraka, bila kunitazama, "Jirani." Alikuwa Mombasa, mbali na kila mtu anayemwogopa, na bado ulimi ulikuwa umejifunza. Nilitia saini kama jirani.

Siku alizokaa kwangu na jicho limefungwa bandeji, nilimwonesha ile mechi. Nahodha alikuwa amenitumia video. Hakuwahi kuniona nikicheza tangu ufukweni. Aliishika simu karibu na jicho zima, akatazama, na hata mabao tuliyofungwa hakuyasemea. Ilipofika pasi yangu alisimamisha.

"Ungempa yule wa kushoto. Alikuwa peke yake."

"Alikuwa ameotea."

"Hakuotea."

"Kaka, rudisha utazame. Ameotea hatua nzima."

Akarudisha. Akatazama. Akarudisha tena. "Ameotea," alikubali, na kwa mara ya kwanza nikaona anataka kucheka. Tulikaa pale tukizungumzia pasi moja mpaka chai ikapoa, na nilifurahi, na nilijichukia kwa kufurahi.

Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza mpaka kituo cha basi. Nilimuuliza, "Ukifika utawaambia niko hai?"

"Nina watoto, ndugu yangu," alisema. Akanipa mkono, akapanda.

Sasa nafundisha wasichana wa klabu, siku tatu kwa wiki, goti likiniruhusu. Wapo wazuri. Yuko mmoja wa katikati ambaye nampigia kelele kuliko wengine. Hawajui kwamba niliwahi kuichezea nchi, na wakijua watauliza ipi.

Mwezi uliopita yule jamaa yetu wa Lamu alinipigia. Mke wa kaka amejifungua salama, mtoto wa kike. Wamempa jina langu. Kwetu ndivyo tunavyofanya, mtoto anapewa jina la marehemu wa nyumba ili lisipotee. Nilimwambia anifikishie pongezi. Akaniuliza zitoke kwa nani.

"Sema zimetoka kwa jirani wa Mombasa," nilimwambia.